Hamburg, Machi 2008: ranwei mbili, upepo mmoja, na A320 iliyogusa chini kwa bawa

Kama unapenda video za ndege zinazotua kwenye upepo mkali basi hii umeshaiona, ile A320 (ndege ya abiria ya Airbus) ya shirika la Lufthansa inakuja imekaa upande upande, inakaribia kugusa lami, ghafla bawa la kushoto linadondoka mpaka ncha inagonga chini, afu ndege inanyanyuka na kuondoka zake kama haikutokea kitu. Ilikuwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 1 Machi 2008, siku ambayo dhoruba waliyoipa jina la Emma ilikuwa inapita. Ndege ilitoka Munich na abiria 132 pamoja na wafanyakazi 5, hakuna aliyeumia, uharibifu mkubwa ulikuwa pale kwenye ncha ya bawa.

Watu wengi wakiangalia ile video wanabishana kuhusu mikono na miguu ya rubani, ooh alikanyaga mapema, ooh angelaza bawa la kulia zaidi, na ubishi huo ni halali, nitaufikia. Ila mimi nikisoma kisa chote naona kitu cha maana zaidi kilikuwa kimeshatokea kabla hata yule jamaa wa kamera hajaipata ndege kwenye lenzi, nacho ni uamuzi wa kutua ranwei (njia ya kurukia na kutua) namba 23 wakati uwanja huo huo una ranwei nyingine, namba 33, ambayo kwa upepo wa siku ile ilikuwa rafiki kuliko 23 kwa mbali sana.

Tuanze na hizo namba maana bila hizo kisa hakieleweki. Namba ya ranwei ni uelekeo wake kwenye dira ukitoa sifuri ya mwisho, kwa hiyo 23 maana yake ndege inaelekea kama nyuzi 230, yaani kusini magharibi, na 33 inaelekea kama nyuzi 330, kaskazini magharibi. Upepo nao unatajwa kwa upande unakotoka. Mnara wa kuongozea ndege ulipowapa ruhusa ya kutua uliwasomea upepo unatoka nyuzi 300, noti 33, na dharuba, yaani ile misukumo ya ghafla, zinafika noti 47. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kilomita 1.85, so tunaongelea upepo wa kilomita 61 kwa saa ambao kila baada ya muda unaruka mpaka 87.

Sasa chukua tofauti ya nyuzi kati ya upepo na ranwei. Kwa 23 tofauti ni nyuzi 70, na nyuzi 70 ni karibu ubavuni kabisa, asilimia 94 ya upepo wote inakupiga mbavuni, ukipiga hesabu unapata noti 31 za kawaida na noti 44 dharuba ikija. Kwa 33 tofauti ni nyuzi 30 tu, na kwa nyuzi 30 kinachokupiga ubavuni ni nusu, kwa hiyo noti 16 na nusu za kawaida na 23 na kitu kwenye dharuba. Yaani dharuba mbaya kabisa kwenye ranwei 33 ni ndogo kuliko upepo wa kawaida kwenye 23. Ukiangalia hizo namba mbili zimekaa pamoja unajiuliza kwani kulikuwa na mjadala gani.

Na faida haiishii hapo. Upepo usiokupiga ubavuni unakupiga usoni, na upepo wa usoni ni mali kwa anayetua. A320 inakuja na mwendo wa noti kama 135 ndani ya hewa, unabadilika na uzito lakini tuchukue huo. Kwenye 23 upepo wa usoni ulikuwa noti 11 tu, kwa hiyo ndege inakimbia juu ya ardhi kwa noti 124. Kwenye 33 upepo wa usoni ni noti 29, ndege inagusa ardhi ikiwa na noti 106. Nishati ya kusimamisha inaenda kwa mraba wa mwendo, hapo umeshapunguza zaidi ya robo ya kazi ya breki kwa kuchagua ranwei tu, na 33 ya Hamburg wala si fupi, ni ndefu kuliko 23, zote zinazidi kilomita 3.

Sasa kwa nini walienda 23? Hapa usikimbilie kuwaita wajinga. Ranwei 23 ndo ilikuwa inatumika kwa ndege zote zinazotua, ndo foleni yote ya rada ilikuwa imepangwa kuelekea huko, na ilikuwa na ILS kamili, ile mionzi inayokuongoza kulia na kushoto na pia juu na chini mpaka karibu na lami. 33 ilikuwa na msaada wa kulia na kushoto tu, ile ya kushuka rubani anaipanga mwenyewe kwa umbali na urefu. Kwa rubani aliyezoea ILS kila siku, siku ya dhoruba hiyo ILS ni kitu cha kushikilia, ni kitu kimoja kilichotulia wakati vingine vyote vinatikisika. Na tena taarifa za hali ya hewa walizokuwa nazo wakati wanapanga hazikuwa kali kama ule upepo waliokuja kusomewa mwishoni, kwa namba za mwanzo 23 ilikuwa ndani ya uwezo wa ndege.

Shida ni kwamba upepo uliendelea kubadilika na mpango haukubadilika. Na si nguvu tu, uelekeo nao. Mfano upepo wa noti 37 ukitoka nyuzi 280, kwa ranwei 23 ubavuni unapata noti 28, unaishi nao. Uzungushe nyuzi 20 tu mpaka 300, noti zile zile 37 ubavuni zinakuwa karibu 35. Ongeza na dharuba zikue mpaka 47 ndo unafika zile 44. Masikio ya binadamu yanashika ile namba ya noti, ile ya nyuzi inapita hivi hivi, wakati zote mbili zinakula kwenye sahani moja.

Wakiwa njiani kuelekea chini kapteni aliuliza mnara kuhusu wenzake, wangapi wanashindwa na kupaa tena, akajibiwa karibu nusu ndani ya dakika 10 zilizopita. Nusu! Na 33 ikatajwa kwamba ipo kama wanaitaka. Jibu lilikuwa la kujaribu 23 kwanza na ikishindikana ndo waende 33. Mimi sehemu hii naisoma mara mbili mbili, kwa sababu swali lilikuwa zuri kabisa, swali la rubani anayefikiria, na jibu alilopewa lilikuwa kubwa kuliko taarifa yoyote ya hali ya hewa, maana ni ndege halisi zenye marubani halisi zimefika pale na nusu zimegoma. Lakini mpango wa kujaribu kwanza una ulaini wake, unaonekana salama kwa sababu una mlango wa nyuma, kupaa tena kupo siku zote. Unasahau kwamba ule mlango wa nyuma unatumika vizuri ukiwa futi 200 juu, ukiwa futi 5 juu ya lami na bawa limelala habari ni nyingine.

Aliyekuwa anaendesha ni rubani msaidizi, kijana wa miaka 24. Hilo si kosa, ndo kazi ilivyo, wanapokezana, na wakati zamu zinapangwa hali ilionekana inabebeka. Ila kuna hoja ya haki hapa kwamba upepo ulivyopanda zile zamu zilitakiwa kufikiriwa upya sawa na ranwei, na hayo yote mawili yako kwenye mikono ya kapteni.

Sasa twende kwenye lami. Upepo unatoka kulia, kwa hiyo ndege inakuja pua imeelekea kulia kwenye upepo wakati mwili mzima unasonga kufuata mstari wa ranwei, ni kama mtu anayevusha mtumbwi mto wenye mkondo, pua anaielekeza juu ili afike ng'ambo sehemu aliyoikusudia. Kwa noti 31 za ubavuni na mwendo wa 135 ile pembe ni kama nyuzi 13, dharuba ya 44 ikikukuta inataka kufika 19. Huwezi kutua hivyo, magurudumu yatakuwa yanaangalia majani badala ya lami, kwa hiyo sekunde za mwisho rubani anakanyaga pedali ya kushoto kuinyoosha pua ifuate mstari, na wakati huo huo anasukuma stiki kulia kidogo kuliweka bawa la kulia chini, upande unakotoka upepo.

Kwa nini bawa la upande wa upepo ndo liwekwe chini? Kwa sababu ukikanyaga pedali ya kushoto pua inazunguka kushoto, bawa la kulia linasukumwa mbele kwa kasi zaidi kwa sekunde hiyo, na bawa lenye kasi zaidi linanyanyuka zaidi. Ongeza na upepo wenyewe unaoingia chini ya bawa hilo hilo la kulia. Vyote viwili vinaipindua ndege kushoto, na pia ndege inaanza kusukumwa kushoto kutoka katikati ya ranwei. Usipotangulia na stiki ya kulia, bawa la kushoto linakwenda chini, na ndege za siku hizi zenye injini kubwa chini ya mabawa hazina nafasi nyingi pale.

Ndivyo ilivyokuwa Hamburg, lakini kuna kipande ambacho mtu akiangalia video hawezi kukiona. Gurudumu la kushoto liligusa lami kwanza. A320 inaendeshwa kwa kompyuta, stiki haivuti waya mpaka kwenye bawa, inapeleka ombi na kompyuta ndo inaamua elironi (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege) na vile vibao vya juu ya bawa vifunguke kiasi gani. Kompyuta ina hali mbili, ya angani na ya ardhini, na kule kugusa kwa gurudumu moja kulitosha kuanza kuipeleka kwenye hali ya ardhini, ambapo ule uwezo wa kulaza ndege kulia au kushoto unapunguzwa mpaka kama nusu. Gurudumu likaachana na lami tena, ndege bado inaruka kwa maana halisi ya kuruka, dharuba inalinyanyua bawa la kulia, rubani anasukuma stiki kulia yote anayoweza, na anachopata ni nusu ya alichoomba. Bawa la kushoto likashuka, ndege ikalala zaidi ya nyuzi 20, ncha ikagusa.

Na hii hakuna aliyewaambia. Taasisi ya Ujerumani ya uchunguzi wa ajali za ndege, BFU, ilipotoa ripoti yake mwaka 2010 iliandika wazi kwamba huko kupungukiwa kwa nguvu ya kulaza ndege kulikuwa hakujulikani, na kwamba namna ya kutua kwenye upepo wa ubavuni haikuelezwa vizuri kwenye vitabu vya ndege. Kwa hiyo wale wanaosema rubani alichelewa kusukuma stiki, sawa, semeni, lakini hata angesukuma kwa wakati ndege ilikuwa imeshamnyang'anya nusu ya usukani bila kumwambia.

Afu kuna ile habari ya kikomo. A320 hiyo ilikuwa na namba kwenye vitabu vyake, noti 33 za ubavuni na dharuba mpaka 38, kama upepo mkubwa wa ubavuni ambao ndege ilionyesha inaweza kutua nao kwenye majaribio. Sasa hiyo ni nini, ni mwisho ambao ukiuvuka umevunja sheria, au ni kumbukumbu tu ya upepo waliokutana nao marubani wa majaribio siku hizo? Ukisoma kanuni za Ulaya za kuthibitisha ndege kubwa, mtengenezaji anatakiwa aonyeshe angalau noti 20, na halazimishwi zaidi ya 25, akipata siku yenye upepo mkubwa zaidi anaandika huo. Kwa hiyo kitaalam ile namba haisemi juu ya hapo ndege itaanguka. Inasema juu ya hapo hakuna aliyeenda kwa utaratibu na kurudi kutuambia. BFU waliwauliza marubani wa mashirika tofauti wanaielewaje na majibu yakagawanyika, kuna wanaosema ni kikomo, kuna wanaosema ni ushauri. Yaani watu wenye leseni moja, ndege moja, kitabu kimoja, kila mtu na tafsiri yake. Ripoti ikasema maelezo ya kwenye vitabu yalikuwa yanapotosha, na pia ikasema kwa kuzingatia namba hiyo, waliposomewa dharuba za 47 kwenye kipande cha mwisho, kupaa tena ndo kungekuwa na mantiki.

Mtu anaweza kuuliza, mbona wanaruhusu 47 wakati kikomo 38? Tahadhari hapo, 47 ni upepo mzima, ile 38 ni ya ubavuni tu, ndo maana lazima upige ile hesabu ya pembe kwanza. Ila ukishaipiga unapata 44, bado imezidi. Na muongozaji wa mnara kazi yake ni kusoma upepo na kuhakikisha ranwei iko wazi, hawezi kujua ndege yako imeandikiwa ngapi na kampuni yako imekupa kikomo gani, anayekataa au kukubali ni aliyeko kwenye kiti.

Kwenye kiti chenyewe hiyo hesabu haitaki kalkuleta. Tofauti ya nyuzi 30 chukua nusu ya upepo, nyuzi 45 chukua asilimia 70, ikizidi 60 we uhesabu karibu wote uko ubavuni. Kwa 300 dhidi ya 230 jibu linatoka kabla mnara haujamaliza kusoma. Ndo maana mimi sikubaliani sana na wanaosema muda ulikuwa mdogo. Muda wa kuhesabu pale futi chache juu ni mdogo kweli, lakini namba ya kuondokea inawekwa mapema, mkiwa bado juu mmetulia, mnakubaliana kwamba kwa 23 mnara ukisoma upepo wa zaidi ya kiasi fulani kutoka upande fulani hatujadili, tunapaa na tunaomba 33. Baada ya hapo kazi ni kusikiliza tu.

Nikiwa kwenye mambo ya ranwei niweke na hili la kelele, si kwa Hamburg siku ile maana sioni kama ndo ilikuwa sababu, ila linakaa jirani. Viwanja vingi vya Ulaya vinachagua ranwei kwa kuangalia pia nyumba za watu chini. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema kelele isiwe ndo kigezo upepo wa ubavuni ukizidi noti 15 pamoja na dharuba, au wa mgongoni ukizidi 5. Uholanzi walilijadili sana baada ya Boeing 757 ya shirika la Transavia kuvunjika mguu wa mbele ikitua Schiphol, uwanja wa Amsterdam, na upepo mkali wa ubavuni tarehe 24 Desemba 1997, na mjadala ulikuwa huo huo, kwamba mfumo ukishakupangia ranwei, rubani anayeomba nyingine anajiona kama anasumbua foleni nzima. Huo uzito wa kuomba ni mdogo ukiuangalia kwenye karatasi, ila ndani ya kokpiti una nguvu.

Baada ya bawa kugusa walipaa, na hapo kusema kweli walifanya vizuri, hawakung'ang'ania kuibana ndege chini. Kapteni akachukua ndege, wakazunguka wakaja 33, wakatua kawaida. Upepo ule ule, ndege ile ile tena sasa bawa lake limeumia, watu wale wale, bila ILS kamili.

Magazeti siku za mwanzo yalimsifia kapteni kama shujaa aliyeokoa ndege, baadae ikajulikana aliyekuwa anaendesha kwenye 23 ni yule msaidizi, lawama zikahamia kwake na jina lake likaanikwa. Kwangu mimi yote mawili yalikuwa kupitiliza. Yule kijana alipewa kazi kwenye ranwei yenye noti 44 ubavuni, na kitabu kisichosema kikomo ni nini, na kompyuta iliyopunguza usukani katikati ya kazi. Kati ya hayo matatu, lililokuwa linaweza kubadilishwa mchana ule kwa sentensi moja ya redio ni ranwei.